Baba Yetu kwa Kila Robo

Vijana wa kanisa letu, mliponiletea ujumbe kwamba mnataka niwaandikie habari za kazi yangu ya maji, nilifurahi kwa muda wa kama nusu kikombe cha chai. Kisha Mchungaji akanifuata mpaka shambani, akasimama kando ya viazi vyangu, akaongeza neno lake. Alisema niandike lolote nitakalo, hata vichekesho, lakini mstari wa mwisho uwe wa toba. Nikiandika pale chini kwamba nilikosea siku ile ya kufungua maji ya Ruiri, basi Jumapili ya meza takatifu nitaitwa mbele, nipewe mkate na kikombe kama Wakristo wengine. Sijavigusa tangu nilipokuwa na meno yote. Mchungaji ni mtu mwema, hakuwa amezaliwa mambo haya yakitokea, na nadhani anataka nizikwe bila maneno maneno. Nilimwambia nitafikiria.

Basi nianze na kazi, maana ndiyo mliyoniuliza. Nilikuwa fundi wa maji katika mradi wa harambee. Maji yenyewe tuliyachukua kwenye kijito, juu kule msitu unakoanzia, pale tunapopaita inteki, tukayateremsha kwa paipu. Mashine ya kusukuma hatukuwa nayo. Maji yalishuka kwa uzito wake, yakapita chini ya mashamba ya watu, mpaka upande mkavu wa Ruiri ambako mama akienda mtoni asubuhi anarudi watoto wameshasahau sura yake. Mtaro tuliuchimba kwa jembe. Kila familia ilipimiwa kipande chake, na kama kipande chako kilikuwa na mwamba, pole, ulikula mwamba.

Mimi nilikuja na jembe kuchimba kipande chetu, nikabaki. Sababu ni miraa. Mafundi wanaume walikuwa wakifundishwa leo, kesho unasikia wako Laare, wanafunga miraa, maana huko pesa haikungoja mwisho wa mwezi. Mzee Njeru, fundi mkuu tuliyeletewa kutoka Embu, alichoka kufundisha watu wa Laare. Siku moja alinikuta nimekaa juu ya udongo nikila ndizi.

"Wewe mama," akasema, "unajua kunyamaza?"

Nikanyamaza. Akangoja, nami nikaendelea kunyamaza.

"Njoo Jumatatu," akasema. Hiyo ndiyo intavyuu yangu.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hili hata leo wapo wanaolikosea. Paipu mpya iliyozikwa si tupu. Imejaa hewa. Ukifungua maji kwa nguvu kule juu, yanaifukuza hewa mlimani, hewa inakwama kwenye kila nundu, inabanwa, na ikikosa pa kutokea inapasua paipu au inarusha maungio yake. Kwa hiyo valvu ya juu, lile gurudumu la chuma la kufungulia laini, unaizungusha robo tu. Kisha unangoja hewa itoke kwenye vikoki vidogo vilivyowekwa penye nundu. Inatoka ikikohoa. Kikohozi kikitulia unaongeza robo nyingine. Kuzungusha gurudumu hata kuku angefundishwa. Kazi yenyewe ni kungoja, na sijaona binadamu anayependa kungoja akiwa ameshika kitu kinachofunguka.

Saa ya Mzee Njeru ilikuwa imetumbukia inteki kabla sijaja, na hakutafuta nyingine. Alikuwa na njia yake. Anazungusha robo, anaweka spana chini, anavua kofia, anafumba mikono, anafumba na macho, kisha anasema Baba Yetu polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto. Akifika Amina anasikiliza. Paipu ikiwa bado inakohoa, anaanza tena Baba Yetu. Ikitulia, robo nyingine. Wiki ya kwanza nilidhani nimeajiriwa na mlokole wa ajabu. Nikajikaza nikamuuliza.

"Mzee, kwani unaomba nini kila mara?"

"Naomba nisiguse hii kitu."

"Basi si ungoje tu?"

"Ngoja basi," akasema. "Simama hapo, ungoje."

Nikasimama. Punde nikaona mkono wangu uko kwenye gurudumu, na sikumbuki nikiutuma. Mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akaniambia saa ni kitu kizuri, itakuambia dakika zimeisha, lakini haitakushika mkono. Mtu aliyefumba mikono yote miwili hawezi kufungua valvu. Akaniambia pia, na hapa hakuwa akicheka, kwamba katika maisha yake hakuna mahali alipoomba kwa kumaanisha kama pale inteki, kwa sababu kule chini kulikuwa na watu na yeye alikuwa amewashikia maji yao.

Nilikuwa na mwenzangu wa kazi, Mutuma, mtu wa Nkubu, Mkatoliki wa damu. Mnajua Baba Yetu ya Wakatoliki inaishia mapema. Wao wakishaomba kuokolewa wanatua mzigo, sisi tunaendelea na ufalme na nguvu na utukufu. Siku moja Mzee alikuwa mgonjwa, Mutuma akaenda peke yake kujaza kipande kipya. Akasali ya kwao, tena mbio mbio kama mtu anayekimbilia basi, na kusikiliza hakusikiliza. Paipu ilipasuka katikati ya kabichi za mjane mmoja. Mjane akapata maji kabla ya mtu yeyote katika wilaya, ila aliyapata jikoni.

Mzee alipona siku hiyo hiyo kwa hasira.

"Mimi nimeomba," Mutuma akajitetea. "Yote. Kwetu inaisha hapo."

"Umeishia njiani."

"Mzee, hiyo mambo ya ufalme mliongeza nyinyi. Usinilaumu na kanisa yangu."

Wakabishana juu ya kanisa wakiwa wamesimama kwenye matope mpaka magotini, mjane akiwasikiliza na ufagio mkononi. Mwisho Mzee Njeru akatoa hukumu ambayo nadhani haijawahi kutolewa na askofu yeyote: Mkatoliki akijaza paipu, baada ya Baba Yetu aongeze Salamu Maria, tena asikilize. Mutuma alikubali. Alimpelekea padri wake habari hiyo akitarajia kukemewa, padri akacheka mpaka akatafuta leso. Nawaambia hili ili mjue kwamba kulikuwa na njia nyingine ya kulipokea jambo hili, tofauti na ile ya kanisa letu.

Kisha kulikuwa na Gitonga, mwanamume mzima, mcha Mungu, aliyetusaidia msimu mmoja. Yeye hakutaka sala ya kukariri. Alisema Roho haendi kwa mistari. Akizungusha robo alianza na sisi, akaenda kwa wagonjwa, akaenda kwa serikali, akavuka mpaka akaingia Ethiopia, na wakati anarudi Meru jua lilikuwa limeegemea upande wa pili. Paipu zake hazikupasuka hata moja, hilo nampa. Lakini watu wa chini walituma mjumbe kuuliza kama tumekufa.

Mzee Njeru alirudi Embu miguu ilipomkatalia mlima. Alinipa spana yake kubwa mbele ya Mutuma, na Mutuma akasema sawa. Kabla laini ya Ruiri haijafika mwisho, tukasikia Mzee amefariki. Tulikwenda Embu kumzika. Hapo ndipo mimi, mke wa mtu na mama wa watoto, nilipokuwa fundi mkuu wa mradi, na wanaume wakazoea polepole.

Mwenyekiti wa mradi alikuwa Mzee M'Arimi. Huyo huyo alikuwa mzee wa kanisa, wa kiti cha mbele. Hakuwa mtu mbaya. Bila yeye paipu zile zisingenunuliwa, maana alizunguka ofisi nyingi mpaka soli za viatu zikaisha. Lakini alipenda mambo yaonekane. Laini ya Ruiri ilipokamilika alialika wageni, akaalika mhubiri mkubwa kutoka mjini, mwenye sauti ya kuamsha ng'ombe. Siku moja kabla ya sherehe akaniita.

"Mama Kendi, kesho valvu ya juu ikae imefungwa. Mhubiri aombe. Tukisema Amina, nitapunga kitambaa, mtu wa juu ampungie mwenzake, mpaka kwako. Wewe unafungua yote. Maji itoke kwa nguvu, watu waone Mungu."

"Mzee, hiyo paipu iko na hewa. Nikifungua yote mara moja itapasuka pale korongoni."

"Tutakuwa tumeomba."

"Itapasuka ikiwa imeombewa."

"Kwani wewe huna imani?"

"Imani niko nayo. Paipu ndio haina."

Akasema kama siwezi kutii nimwachie spana, atampa mtu mwingine. Nikamwambia spana iko nyumbani, nitaileta. Nikaenda nyumbani na sikuileta.

Pale korongoni, vijana, ndipo kila kitu kilipokuwa kimening'inia. Paipu ilivuka korongo juu ya nguzo, na zilikuwa paipu za mwisho tulizokuwa nazo. Zikipasuka hakuna nyingine, na hakuna ofisi iliyobaki ya kwenda kuomba. Wanawake wa Ruiri walikuwa wamechimba ule mtaro misimu mingi, wengine wakiwa wajawazito, wengine wakiwa na mtoto mgongoni. Mmoja alizaa akiwa ndani ya mtaro, na mtoto tunamwita Kamuti, yaani kijiti, hadi leo kwa sababu alizaliwa karibu na kijiti cha kupimia kipande chao. Nililala nikiwaza hao. Sikuwaza kitambaa cha mtu.

Kulipopambazuka nilipanda inteki na Mutuma. Yeye nikamtuma akae korongoni kwenye koki ya hewa, ili anipigie mluzi hewa ikitulia, na watu wawili wa kupokezana mluzi wakasimama katikati. Nikazungusha robo. Nikaweka spana chini, nikafumba mikono, nikaomba. Nataka mnielewe vizuri. Sikuwa nikipima muda tu. Niliposema mapenzi yako yatimizwe, nilimaanisha kila neno. Niliomba pale kuliko nilivyowahi kuomba, kabla au baada, hata watoto wangu walipougua. Robo, Baba Yetu, nasikiliza. Robo, Baba Yetu, nasikiliza. Umande ukakauka kwenye nyasi, na sehemu ya mbele ya gauni langu ikalowa machozi ambayo sikujua natoa. Mluzi wa mwisho ulipofika, gurudumu lilikuwa limefunguka lote na korongo lilikuwa kavu.

Mpango wangu ulikuwa rahisi. Maji yatasimama nyuma ya mfereji wa sherehe, ule wa kuchotea kule chini, yakae kimya. Mhubiri ataomba, Mzee M'Arimi atapunga kitambaa chake, mtu atafungua mfereji, maji yatatoka taratibu, kila mtu aende nyumbani na heshima yake. Nilichosahau ni Cucu Ciambaka, nyanya mmoja wa Ruiri.

Cucu alikuwa amefika mapema kupata kiti. Mikono yake ilikuwa na vumbi, akaona mfereji mpya, na yeye katika umri wake wote akiona mfereji huwa hauna maji, kwa hiyo akaufungua kwa mazoea tu, bila kutarajia kitu. Maji yakatoka. Cucu akapiga vigelegele ambavyo tulivisikia sisi tukiwa bado tunashuka. Wanawake wakamiminika na ndoo, na sufuria za pilau, na kofia za wageni. Wakaimba, wakamwagiana maji, wakamwaga mpaka viti vya wageni vikaelea. Mhubiri alipowasili na Biblia yake kubwa alikuta watu wote wamelowa na sherehe imeshapanda, na mama mmoja akamkaribisha kwa kumrushia kikombe cha maji kifuani. Aliomba, lakini hakuna aliyemsikia. Mzee M'Arimi alisimama na kitambaa chake mkononi, hakikupungwa. Hata mimi nilimhurumia.

Wiki iliyofuata niliitwa kwenye baraza la wazee wa kanisa. Walikaa upande mmoja wa meza, mimi upande mwingine, na kanga yangu nzuri.

"Ulifungua maji kabla ya maombi," akasema Mzee M'Arimi.

"Maombi yalikuwa. Niliomba asubuhi yote. Mutuma ni shahidi."

"Uliomba maombi gani?"

Hapo ningeweza kusema niliomba tu, na mambo yangeisha. Nikawaeleza yote, robo na Baba Yetu na kusikiliza, kama nilivyowaeleza nyinyi. Nilidhani watafurahi. Mzee mmoja akavua miwani.

"Yaani sala ya Bwana umeifanya spana?"

"Mzee, mimi..."

"Ukiomba hivyo, unawaza Mungu ama unawaza maji?"

"Nawaza maji," nikasema. "Na watu wa Ruiri. Nyinyi mkifika pale kwa mkate wa kila siku huwa mnawaza nini?"

Nilitolewa nje, nikaketi juu ya jiwe, nikaitwa tena. Walisema nimeidharau sala, na nimemtangulia Mungu. Nitakaa mbali na meza takatifu mpaka siku nitakayosimama mbele ya kanisa niseme nilitenda dhambi. Kuhusu spana, walitaka kumpa Mutuma. Mutuma akawaambia yeye ni Mkatoliki na sala yake ni fupi. Kwa hiyo nilibaki fundi wa watu ambao hawakutaka kula nami.

Iliniuma, na sitawadanganya kwamba nilikuwa jasiri. Jumapili ya kwanza watu walipoinuka kwenda mezani nilibaki kwenye benchi na vikapu vya wengine, kama niliyeachwa kuchunga mizigo. Mume wangu, Baba Kendi, alikwenda, akarudi, akaketi karibu nami sana. Siku ya harusi ya Kendi ilikuwa mbaya zaidi. Maharusi na wazazi waliitwa mbele wapokee pamoja. Kendi akageuka na shela lake akanitazama, na miguu yangu ikataka kusimama yenyewe. Neno moja tu, na ningesimama kando ya mwanangu. Lakini neno lenyewe lilikuwa uongo. Ningesema asubuhi ile ilikuwa dhambi, na ilikuwa saa safi kuliko zote za maisha yangu. Ningesema Mzee Njeru alikuwa mchezaji na vitu vitakatifu, yeye aliye kaburini asiyeweza kujibu. Nimdanganye Mungu usoni ili nipewe mkate wake? Nilikaa. Nililia pia, na aliyeniona ananikumbuka.

Wachungaji wamekuja na kuhamishwa. Kila mmoja ameniambia, Mama Kendi, sema tu kidogo. Miaka ya mwisho ya Mzee M'Arimi mfereji wake uliharibika, akaniita. Nikautengeneza, mke wake akaleta chai na nduma. Akaiombea ile chai mpaka ikapoa.

"Wewe uliniaibisha," akasema.

"Paipu ingekuaibisha zaidi."

Akanywa chai. "Ilikuwa ipasuke kweli?"

"Kweli kabisa, Mzee."

"Basi sema neno moja tu kanisani, tumalize. Mimi mwenyewe nitakushika mkono."

"Aari," nikamwambia. Hapana. Akatikisa kichwa, akaniongezea nduma, na hatukulizungumzia tena. Alipokufa nilisimama karibu na jeneza, na maji ya kuwapikia waombolezaji yalitoka kwenye mfereji wake.

Sasa mafundi wa leo mnapanda inteki na simu. Mnaweka kengele ya dakika, inalia, mnaongeza. Paipu zenyewe ni za plastiki, zinasamehe kidogo. Sina ugomvi na simu. Lakini juzi nilipanda na binti mmoja wenu anayejifunza kazi, simu ikiwa bado haijalia nikaona mkono wake uko kwenye gurudumu. Nikamuuliza unafanya nini, akasema hata yeye hajui. Nilicheka mpaka nikakaa chini, nikajua Mzee alionaje siku ile.

Mchungaji, najua unasoma hapa ukitafuta mstari wako. Asante kwa viazi ulivyonisaidia kupalilia. Jumapili nitakuja kama kawaida, nitakaa benchi langu la nyuma karibu na mlango, na mkiinuka kwenda mezani nitawachungia vikapu. Sijawahi kuondoka katika kanisa hili, kwa hiyo sina nilikoenda hata nirudi. Ukitaka kuniletea mkate pale nilipo, mikono yangu itakuwa imefumbwa lakini nitaifungua.

Na kwa yeyote atakayepanda kufungua maji, mstari wa mwisho ndio huu: zungusha robo, weka spana chini, fumba mikono yote miwili, sema Baba Yetu mpaka Amina, kisha usikilize.